Laptopu ya mtumba "ina Windows 11": usitoe hela kabla hujasoma kizazi cha prosesa

FundiMsimbazi

Habari za mihangaiko wakuu.

Tangu Windows 10 ifike mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu za mtumba hapa mjini zinanadiwa kwa maneno mawili tu: "ina Windows 11". Mnunuzi akisikia hivyo anatulia, anaanza kuhesabu noti. Naomba tusitulie. Windows 11 inayoonekana kwenye skrini haithibitishi chochote kuhusu mashine iliyo chini yake.

Masharti ya Microsoft ni haya: prosesa iliyomo kwenye orodha yao (kwa Intel, karibu zote zinaanzia kizazi cha 8), TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine) yenye uwezo wa Secure Boot, yaani kukagua mfumo kabla ya kuuwasha, RAM GB 4 na diski GB 64. Masharti hayo yanarukwa kirahisi. Rufus, programu ya kuandaa fleshi ya kusakinishia, inatengeneza fleshi yenye ukaguzi uliozimwa, na fundi anapiga Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 4 bila jasho. Itawaka, itaingia intaneti, itapendeza macho. Shida inakuja mbele ya safari: mashine isiyotimiza masharti haipelekewi toleo jipya la kila mwaka. Inabaki pale fundi alipoiacha.

Na pale ilipoachwa ndipo pa kuangalia. Windows 11 toleo 23H2, kwa Home na Pro, liliacha kupewa viraka vya usalama tarehe 11 Novemba 2025. Toleo 24H2 mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo laptopu ya kizazi cha 6 iliyopigwa 23H2 na kuwekwa kwenye shelfu haipati tena viraka vya usalama leo, wakati Windows 10 iliyosajiliwa kwenye ESU (mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa viraka) bado inapokea viraka hadi 13 Oktoba 2026. Ile inayodharauliwa kuwa ya zamani iko salama kuliko hii inayouzwa kama mpya.

Kujua toleo: bonyeza Windows + R, andika winver, Enter. Usome 22H2, 23H2, 24H2 au 25H2.

Kujua kizazi: Ctrl + Shift + Esc, nenda Performance, bofya CPU, soma jina juu kulia. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni cha 8. i5-10210U ni cha 10, kwa sababu tarakimu baada ya kistari ni tano, unachukua mbili za mwanzo. Wengi wanakosea kwenye i5-1135G7: wanaona tarakimu nne wanasema kizazi cha 1. Hiyo ni ya 11, na i5-1035G1 ni ya 10. Ukiona nne zinazoanza na 1 na baada yake kuna G, chukua mbili za mwanzo.

Jina la modeli peke yake halitoshi. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, hapo hakuna ubishi. Ila 840 G5 na Dell Latitude 7490, ambazo watu wanazichukulia kuwa za kizazi cha 8 moja kwa moja, zilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7. Mbili zimepangwa meza moja, rangi moja, bei moja, na moja haimo kwenye orodha. Soma prosesa, achana na stika.

Kwa AMD msikadirie kwa macho. Chukueni jina kamili mkalitafute kwenye orodha ya Microsoft yenyewe.

---

BintiMbagala

Shukrani mkuu. Swali la haraka: nikiwa dukani, muuzaji ananisimamia na wateja wengine wanasubiri, nikague nini na nini kwa mpangilio upi?

---

FundiMsimbazi

Dada, anza na kuizima. Laptopu iliyokwisha kuwashwa kabla hujafika inaficha mengi.

Iwashe mwenyewe na uingie BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: HP ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Ikidai paswedi, irudishe mezani hapohapo. Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za makampuni ya nje, na kwenye laptopu za ofisi kama EliteBook na ThinkPad paswedi ya BIOS haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya CMOS. Imehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri. Ukiwa humo ndani tafuta neno Absolute au Computrace, mfumo wa kampuni wa kufuatilia laptopu zake. Kama limeandikwa Activated, mashine hiyo bado ina mwenyewe.

Ukitoka hapo fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Itakupa njia ya faili, lifungue kwa kivinjari. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 mWh na ya pili 24,000, betri imebaki nusu, na bei ishuke ifanane na hilo.

Diski: beba CrystalDiskInfo kwenye fleshi, ile isiyohitaji kusakinishwa. SSD soma asilimia ya afya. HDD angalia Reallocated Sectors na Current Pending Sector. Zikiwa juu ya sifuri diski imeanza kuoza, hata kama leo inafungua kila kitu.

RAM: kulekule Performance, bofya Memory, soma "Slots used". 1 of 2 ni habari njema, utaongeza baadaye bila kutupa iliyopo.

Halafu kibodi yote, kila tundu la USB kwa fleshi yako, kamera, Wi-Fi kwa hotspoti ya simu yako.

---

Ally_Posta

Ongeza kitu kimoja mkuu, kinaumiza watu sana: Autopilot, huduma ya Microsoft ya makampuni kusimamia laptopu zao. Kampuni ikisajili laptopu zake huko, utambulisho wa mashine unakaa kwenye seva za Microsoft, haukai kwenye diski. Fundi akipiga Windows bila intaneti haionekani kabisa. Miezi sita baadaye mwenye mashine anapiga Windows upya akiwa na Wi-Fi, anakutana na ukurasa wenye jina la kampuni asiyoijua ukimtaka barua pepe ya kazini. Fomati haiondoi hilo, kubadilisha SSD hakuondoi. Kampuni iliyosajili ndiyo inayoweza kuifuta.

Kipimo cha uhakika ni kuipiga Windows Pro upya huku imeunganishwa na intaneti tangu hatua za mwanzo za kuweka lugha na kibodi. Muuzaji makini atakubali ufanye hivyo, au atakuandikia kwenye risiti kwamba ikitokea atairudisha. Akikataa yote mawili, umeshapata jibu.

---

MwalimuTandika

Wakuu, mnazungumzia wanaonunua. Sisi wenye 840 G3 na ThinkPad T470 tayari? Mashine ni nzima, RAM GB 8, SSD GB 256. Tuzitupe?

---

Ally_Posta

Mwalimu, hapana kabisa. Njia ya kwanza ni ESU.

Lazima uwe Windows 10 toleo 22H2, na uwe umeshusha masasisho yote yaliyopo. Ingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Fungua Settings, Update & Security, Windows Update. Chini ya kitufe cha kutafuta masasisho kutakuwa na Enroll now. Isipoonekana, mara nyingi mashine haijapata masasisho ya Agosti 2025, KB5063709, yaliyorekebisha hitilafu iliyokuwa inafanya ukurasa wa usajili ujifunge wenyewe. Shusha yote, washa upya, rudi.

Kuna njia tatu za kusajili: kusawazisha mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, bila malipo, pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au dola 30 za Marekani. Chagua ya kwanza. Kinachotakiwa ni mipangilio tu, kwa hiyo kwenye Windows Backup zima folda za Documents, Pictures na Desktop. Ukiziacha, OneDrive ya bure ni GB 5 tu, itajaa, na kabla haijajaa itakuwa imekumalizia bando kwa kupandisha picha za mahafali.

Usajili mmoja unabeba hadi kompyuta 10 kwa akaunti hiyohiyo. Kompyuta zilizounganishwa kwenye domeni ya ofisi hazimo. Hizo zina mpango wa makampuni, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka mara mbili kila mwaka hadi miaka mitatu.

---

TuxUbungo

Mwalimu, ESU inakupa muda tu. 13 Oktoba 2026 utarudi hapa na swali lilelile. Tumia muda huo kuzoea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows.

Mint 22 inategemea Ubuntu 24.04 na masasisho yake yanakwenda hadi 2029. Inataka RAM GB 2 kwa uchache, GB 4 ndiyo raha. 840 G3 yenye GB 8 itateleza. Fleshi ya GB 8 inatosha, faili ni karibu GB 3, unaiandika kwa Rufus au balenaEtcher. Bonyeza F9 kwenye HP, F12 kwenye Dell na ThinkPad, chagua fleshi. Usisakinishe bado. Itafunguka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa ukiwa humo, Windows yako haiguswi.

Wi-Fi ikigoma, hasa zile kadi za Broadcom, chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, fungua Driver Manager ishushe draiva. Watu wengi wanaishia hapo na kusema Linux haifai, kumbe ni waya wa simu tu uliokosekana.

Hofu ya barua na CV kuvurugika kwenye LibreOffice, mbadala wa bure wa Microsoft Office: chanzo kikubwa ni fonti. Kuna Liberation Serif yenye vipimo sawa na Times New Roman, Carlito sawa na Calibri, na Caladea sawa na Cambria. Herufi zikiwa na upana uleule, mistari inakatika palepale na ukurasa haukimbii. Jedwali zenye makro za Excel ndizo zitakazokusumbua, hilo silifichi.

Na si jambo geni kwetu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004. Inafaa wanafunzi wa leo walijue.

---

FundiMsimbazi

TuxUbungo nakuheshimu, lakini usimpeleke huko kila mtu. Mwenye duka anayetumia programu za hesabu kama Tally, au QuickBooks ile ya kusakinisha kwenye kompyuta, hana toleo la Linux. Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, inaweza kuifungua leo na kuikataa kesho, na hesabu za biashara si mahali pa majaribio. Huyo abaki na ESU huku anatafuta mashine ya kizazi cha 8. Mwanafunzi, mwalimu, mtu wa barua pepe, WhatsApp Web na control number, hapo nakuunga mkono kabisa.

---

StesheneriTemeke

Na sisi wenye stesheneri? Kazi ni kuchapa, kutoa kopi, kuskani, na fleshi za wateja siku nzima. Printa ni Canon LBP2900, HP P1102 na Epson L3110.

---

TuxUbungo

Nizitaje moja moja maana hazifanani.

Epson L3110 haina tabu, draiva ya ESC/P-R ipo na skana inasoma. HP P1102 inakwenda kwa HPLIP, draiva ya HP ya Linux, ila baada ya kuiweka lazima uandike hp-plugin kwenye terminali ukiwa na intaneti. Bila hiyo plagini kazi inaingia kwenye foleni na karatasi haitoki.

LBP2900 ndiyo ngumu. Inatumia lugha ya Canon iitwayo CAPT, draiva yake ya Linux ni ya kizamani na huduma yake inakatika ovyo. Kama hiyo ndiyo inayoingiza hela ya siku, acha kompyuta moja yenye Windows 10 na ESU kwa ajili yake, na nyingine iwe Mint ya kupokelea fleshi.

Hapo kwenye kupokea fleshi ndipo Linux inapolipa. Kile kirusi cha shotikati kinachoficha mafaili ya mteja kimeandikwa kwa Windows. Ndani ya Mint hakiendeshwi, na mafaili yaliyofichwa yanaonekana. Unafungua, unachapa. Tahadhari: kirusi bado kipo kwenye fleshi, usiibebe hiyohiyo ukaichomeka kwenye kompyuta ya pili.

---

Ally_Posta

Kwa upande wa Windows, mteja akilia mafaili yamepotea: angalia herufi ya fleshi, tuseme G, fungua Command Prompt, andika

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Mafaili yatarudi kuonekana. Skani kwa Defender, antivairasi iliyomo kwenye Windows, kabla ya kufungua chochote, na usibofye shotikati hata moja.

Msiweke antivairasi ya krak. Defender inaendelea kupata utambuzi wa virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Haifidii viraka vya mfumo, ila ni bora kuliko kitu kilichofunguliwa kwa keygeni.

---

BintiMbagala

Na hizo krak za Windows yenyewe? Muuzaji anasema "imeaktivetiwa maisha".

---

FundiMsimbazi

Andika slmgr /xpr. Ikikuletea tarehe ya kuisha, leseni hiyo imepita kwa KMS, njia ya makampuni ya kuaktiveti kompyuta nyingi, ambayo kikawaida hudumu siku 180 kisha lazima ijihuishe. Kwenye laptopu ya mtu binafsi maana yake kuna programu iliyofichwa inayojihuisha kila mara, na ili ifanye kazi aliyeiweka alizima Defender au akaiwekea folda ya msamaha. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, Exclusions. Ukikuta folda humo ambayo hukuiweka wewe, piga Windows upya.

Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi krak haikuhitajika. EliteBook, Latitude na ThinkPad nyingi zilitoka kiwandani na ufunguo wa Windows Pro ndani ya BIOS. Piga Windows Pro safi, usiweke ufunguo wowote, unganisha intaneti, itajiaktiveti yenyewe. slmgr /dlv itaandika OEM_DM. Fundi anayekimbilia krak kabla ya kujaribu hilo anamharibia mteja kitu alichokwisha kulipiwa.

Office 2016 na 2019 nazo ziliisha siku ileile ya 14 Oktoba 2025, msisahau.

---

KijanaTabata

Wakuu, ninayo 840 G5, i5-8350U, lakini PC Health Check, programu ya Microsoft ya kukagua kama mashine inafaa Windows 11, inakataa. TPM inasoma 2.0 kwenye tpm.msc.

---

Ally_Posta

Kijana, andika msinfo32, angalia "BIOS Mode". Nina hakika imeandikwa Legacy. Aliyepiga Windows aliiweka kwa MBR, mpangilio wa zamani wa diski, na Secure Boot haiwezi kuwaka hapo.

Huhitaji kufomati. Hifadhi mafaili yako kwanza pembeni. Kama BitLocker (ulinzi unaofunga diski kwa siri) imewashwa, isimamishe. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Ikikataa, sababu kubwa ni patisheni: zisizidi tatu za msingi. Fundi aliyegawa C, D na E juu ya zile za mfumo ndiye aliyekuziba. Hamisha vya E, ifute, jaribu tena.

Ikimaliza, washa upya uingie BIOS kwa F10, zima Legacy, washa UEFI pamoja na Secure Boot. Ukisahau hatua hii mashine haitapata mfumo wa kuwasha na utadhani umeiua. Hujaiua.

---

MwalimuTandika

Bando je? Shuleni tuna kompyuta kumi na modemu moja.

---

Ally_Posta

Mwalimu, faili la Windows 11 ni zaidi ya GB 5, usishushe mara kumi. Shusha moja kutoka kwa Microsoft, likague kwa certutil -hashfile ukifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, linganisha na namba iliyoko kwenye ukurasa wao, kisha lizungushe kwa fleshi. Usilikopi kwa mkono kwenye fleshi ya FAT32: install.wim, faili kubwa lililomo ndani yake, likizidi GB 4 litagoma katikati. Rufus inaliwekea NTFS.

Kwa masasisho ya kila mwezi, kwenye kila kompyuta fungua Delivery Optimization, ruhusu kushusha kutoka kompyuta nyingine, chagua "PCs on my local network". Moja ikishusha, nyingine zinachota kwake kupitia swichi au Wi-Fi yenu. Iwashe moja kwanza, iache imalize, ndipo uwashe tisa.

---

TuxUbungo

Jambo la mwisho kutoka kwangu, linagusa hata wenye kizazi cha 8. Vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda wake Juni 2026. Mashine haitazimika siku hiyo, itaendelea kuwaka. Itakachokosa ni viraka vya sehemu ile inayowasha mfumo, hadi ipate vyeti vya 2023. Windows inayopokea masasisho inaviweka yenyewe, lakini baadhi ya mashine zinahitaji BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji kwanza.

---

FundiMsimbazi

Sahihi. Na BIOS isasishwe betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, vyote viwili. Umeme ukikatika katikati na betri ni ile iliyobaki nusu tuliyoisema juu, bodi inaweza kubaki haina BIOS, na kuirudisha kukawa kazi ya kuiandika chipu upya kwa programa, kifaa cha kuandikia chipu. Pakua faili kutoka tovuti ya HP, Dell au Lenovo kwa namba kamili ya modeli: BIOS ya 840 G5 si ya 840 G6.

KijanaTabata, mbr2gpt imekujibu nini?

---

KijanaTabata

Imekataa mara ya kwanza, patisheni zilikuwa nne. Nimehamisha vya E nikaifuta, imekubali. BIOS Mode sasa inasoma UEFI, Secure Boot On, Health Check imepita. Nashusha 25H2 usiku bando la usiku likianza.